Jinsi ya kuchora njia ya nyuma ya sheli kwenye ramani, kwa sisi wa barabara ya Segera–Tanga

Sheli kubwa ya barabara kuu ina mlango wa mbele anaoujua kila dereva wa basi, na wa nyuma wanaoujua wenyeji. Huko nyuma ndiko anakoingilia mpishi wa hoteli, mlinzi wa zamu ya usiku, na bodaboda anayemkimbiza abiria kutoka kijijini awahi basi la Arusha. Kwenye ramani za simu njia hiyo ama haipo, ama ipo na inapotosha. Haya nimeyaandika baada ya kukaa na kijana wa Muheza anayesambaza mikate kwa pikipiki. Simu ilikuwa ikimtoa hadi lami, katikati ya malori, ilhali geti la nyuma lilikuwa palepale mbele yake.

Hatua ya 1: Akaunti na programu

Fungua akaunti ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida, ni bure. Programu ya kuchorea: kwenye simu ya Android weka Vespucci, kwenye kompyuta weka JOSM. Kile kihariri cha kwenye kivinjari kinafaa kuongeza duka au msikiti. Kwa kazi ya mageti na makutano sikipendi, basi.

Hatua ya 2: Nenda ukaione

Washa GPS, rekodi njia, tembea kutoka barabara ya kijiji hadi getini. Msalimie mlinzi kwanza, mweleze unachofanya, halafu muulize: geti linafunguliwa saa ngapi? Gari linapita, au pikipiki tu? Mwenye kutembea kwa miguu anazuiwa? Majibu hayo hayaonekani kwenye picha ya satelaiti hata uikuze vipi. Simu usiitoe karibu na pampu. Na usinakili chochote kutoka Google Maps, leseni hairuhusu na kazi yako itafutwa.

Hatua ya 3: Chora mistari

Barabara ya kijiji, njia ya kuingilia getini, na njia za ndani ya uwanja wa sheli. Aina ya uso wa barabara iandike, maana udongo wa huku wakati wa masika si wa kuchezea. Mbele usisahau kipande kati ya lami na uwanja. Hifadhi ya barabara kuu kwa sheria ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo kipande hicho si kifupi, na kuingia na kutoka huwa ni njia mbili tofauti.

Hatua ya 4: Geti

Hapa ndipo saa zinapoteketea.

Maelezo mengi utakayoyakuta yameandikwa na watu wa Ulaya, na kwao yako sahihi. Uingereza motowei, yaani barabara kuu ya mwendo kasi, imetengwa kwa magari: mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli hawaruhusiwi, na gari huingia kwenye makutano maalumu tu. Vituo vya mapumziko kama Watford Gap, kilichofunguliwa mwaka 1959 pamoja na motowei ya M1, vimejengwa kwa ajili ya msafiri anayetokea kwenye motowei hiyo. Njia ya nyuma kutoka barabara za vijijini kwa kawaida ni ya wafanyakazi na wanaoleta bidhaa, mara nyingi ina kizuizi. Kwa hiyo mchoraji wa kule akiweka lebo `access=private` (njia ya binafsi) kwenye njia nzima hamuumizi mtu.

Ukiiga hivyo Segera umewafungia watu nyumba zao. Njia yetu ya nyuma ni barabara ya kijiji, ina shule, ina shamba la mtu, na mwisho wake tu ndio sheli. Zuio liwekwe kwenye nukta ya geti, si kwenye mstari. Nukta hiyo iwe juu ya mstari wenyewe, na isiwe kwenye makutano. Isogeze mita chache, kwa sababu geti lililowekwa kwenye makutano linaweza kuziba hata njia isiyohusika.

Kisha andika nani anapita. Lebo ya `barrier=gate` (hapa pana geti) peke yake haitoshi: programu moja ya kuelekeza njia italiona geti ni wazi, nyingine limefungwa. Kama magari yanayoruhusiwa ni ya wenyewe tu, lakini pikipiki, baiskeli na watembea kwa miguu hupita, weka `motor_vehicle=private`, halafu `motorcycle=yes`, `bicycle=yes` na `foot=yes`. Lebo mahususi huishinda ya jumla, kwa hiyo bodaboda atapita na lori litazuiwa. Usipoweka zuio lolote utakuja kulaumiwa: ramani itaigeuza sheli kuwa njia ya mkato ya malori kuingia kijijini.

Bado kuna mawili. La kwanza, mstari unaoishia kwenye ukingo wa eneo la sheli haujafika popote. Programu nyingi hazikatizi eneo, hufuata mistari, hivyo uunganishe na njia ya ndani kwa nukta moja ya pamoja. Kwa macho vitaonekana vimegusana hata kama havijagusana. JOSM ina kikaguzi, kiendeshe. La pili, anayetafuta sheli kwa jina hupelekwa kwenye mstari ulio karibu zaidi na alama yake. Kama ndani hujachora kitu, mstari huo unaweza kuwa kichochoro cha nyuma, na msafiri wa Dar atajikuta anatazama ukuta na mbuzi. Ndiyo maana nimesema uchore njia za ndani.

Hatua ya 5: Pakia, jaribu

Andika maelezo mafupi ya ulichobadilisha na kwamba ulifika mwenyewe. Siku inayofuata, jaribu safari kwenye tovuti ya OpenStreetMap kwa gari na kwa miguu, kutoka kijijini hadi sheli. Ikiwa kila kitu kiko sawa, majibu yatatofautiana. Pikipiki haimo kwenye tovuti hiyo, ijaribu kwenye OsmAnd, programu ya simu inayotumia ramani hiyo, baada ya ramani zake kusasishwa. Ramani za kupakua kwenye simu huchelewa, pengine wiki kadhaa, kwa hiyo usirudi kuchora upya kwa sababu simu bado inakuonyesha ya zamani.