Oda kubwa imekuja: hesabu za kufanya kabla hujasema ndiyo

Biashara inaweza kufilisika mwaka uleule inaouza kuliko miaka yote. Tuchukue mfano wa msindikaji wa siagi ya karanga Dar es Salaam: kopo analiuza shilingi 5,000, gharama yake yote ni 3,800. Supamaketi inataka makopo 1,000 kila mwezi na inalipa baada ya siku 60.

Hatua ya 1: Andika fedha mwezi kwa mwezi. Usiandike faida, andika shilingi inayotoka na inayoingia. Mwezi wa kwanza zinatoka milioni 3.8, wa pili 3.8 nyingine. Umeshazama milioni 7.6 na hujalipwa hata senti. Mwezi wa tatu inaingia milioni 5, lakini mteja amefurahi na sasa anataka makopo 2,000, yaani gharama ya milioni 7.6 kwa mwezi. Endelea kujumlisha: mwishoni mwa mwezi wa nne pengo ni milioni 12.8. Na kila kopo lina faida ya 1,200! Hiyo 12.8 ndiyo bei halisi ya oda. Kama huna, nenda hatua ya pili kabla ya kwenda benki.

Hatua ya 2: Jadili masharti. Omba malipo ndani ya siku 30, au uongeze idadi kidogo kidogo. Wengi huona aibu kuomba. LPO, yaani hati ya oda anayokuletea mteja, si amri, ni ombi la kununua.

Hatua ya 3: Weka kikomo cha deni kwa kila mteja. Nakumatt, kampuni ya supamaketi ya Kenya, ilipanuka hadi matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2018 iliwekwa chini ya msimamizi kwa kushindwa kulipa madeni, na wauzaji wake wakabaki wanadai. Ukubwa wa mteja si dhamana. Ankara iliyopitisha siku zake haijalipwa? Mzigo mpya hautoki.

Hatua ya 4: Linda malighafi. Karanga za mtu wako wa siku zote zikiisha utanunua kwa usiyemjua, na hapo ndipo sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa karanga, inapoingia. Haionekani kwa macho wala haiishi kwa kukaanga. Pima kila shehena kabla ya kuilipia, hata kama mashine imesimama inasubiri.

Hatua ya 5: Jua mstari wa kodi uko wapi. Tanzania Bara, mauzo ya milioni 200 kwa miezi 12 yanakulazimu kujisajili VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kwa bei yetu ni takribani makopo 3,330 kwa mwezi. Usipopandisha bei, kila kopo la 5,000 lina kodi ya karibu 763 ndani yake, kabla hujarejeshewa ile uliyolipa kwenye manunuzi. Panga bei mpya miezi kadhaa mapema, maana supamaketi haibadilishi bei kwa simu moja.

Mfanyakazi wa kumi naye ana hesabu yake: kuanzia hapo unadaiwa tozo ya ufundi stadi, SDL. Waulize TRA, mamlaka ya mapato, kiwango cha mwaka huo kabla hujamwandikia mkataba.