Stanhopea: okidi ya kuning'iniza, maua ya siku tatu

Okidi hii asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na ubaridi wa Mbeya na Iringa inauvumilia vizuri. Nunua mche wa kitalu. Okidi za Kitulo ziache zilipo: ni hifadhi ya taifa, na nyingi ni za ardhini, zikihamishwa hufa.

Usiipande kwenye chungu. Shina la maua huelekea chini, hupenya udongo na kutokea chini ya chombo. Likikuta kitako kigumu, linaoza humohumo na mwaka mzima umepotea. Tumia kikapu cha waya chenye matundu ya sentimita 3 hivi, tandika makumbi ya nazi kwa wepesi, kisha jaza magome ya paini (Mafinga yamejaa viwandani mwa mbao) sehemu 3 kwa mkaa sehemu 1, vipande vya sentimita 1 hadi 2.

Ining'inize barazani penye kivuli chepesi. Wakati wa joto usiache ikauke kabisa. Maji ya mvua ndiyo bora. Mbolea ya NPK 20-20-20, nusu kijiko cha chai kwa lita 5, kila wiki mbili. Juni na Julai punguza maji, na usiku wa baridi kali iingize ndani.

Chipukizi lenye maganda makavu ya kahawia linaloelekea chini ndilo la maua: usilikate ukidhani ni mzizi uliokufa. Vitumba vya maua vikivimba na kupauka, kaa tayari. Hufunguka asubuhi, na harufu, mchanganyiko wa vanila na chokoleti kwa baadhi ya aina, huwa kali kabla ya adhuhuri. Alika wageni siku hiyohiyo.