Vile unavoweza kupata picha za kila siku kwenye mji mdogo, hata siku ambayo hakuna habari

Kuna siku mhariri anapiga simu asubuhi anasema ukurasa una nafasi, hakuna ajali, hakuna waziri amekuja, hakuna mkutano, wewe leta tu picha. Siku kama hio wengi wetu tunapanda boda tunaanza kuzunguka mji mzima, alafu jioni mtu anarudi na picha za barabara na watu wanatembea kwa mbali. Usizunguke. Chagua mahali pamoja penye watu wanafanya kazi kwa mikono yao, salimia, keti chini, ngoja. Mimi naongea kutoka Busia upande wa Uganda lakini mambo ni yaleyale ukiwa Kumi, Kasese ama Arua.

Kwanza uwe na sehemu zako unazorudia kila wiki mpaka watu waache kushtuka wakiona kamera. Steji ya boda, mashine ya kusaga unga, kinyozi, pale jerikeni zinapangwa foleni wakati maji yamepotea, mama wa matoke, na kama uko na nauli basi teremka mpaka Majanji kule ziwani asubuhi mapema mitumbwi ikirudi na mukene, wale dagaa, wanaanikwa. Sehemu ya kurudia inakushinda mara ya kwanza, na ya pili pia, ni sawa, maanake bado hujajua ni saa ngapi kazi inachangamka na ni nani hapo mwenye maneno mengi na nani mwenye mikono mizuri. Ukishajua hayo hata mhariri akikupigia dakika ya mwisho unajua pa kwenda.

Na angalia ile picha ambayo kila mtu ameshapiga uiache. Hapa mpakani kuna wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa zile baiskeli za magurudumu matatu, na kila mgeni akija na kamera anapiga miguu yao ili msomaji aone huruma. Mimi sikubaliani na hio hata kidogo. Yule ni mtu wa biashara, mpige akifunga mzigo kwa mpira wa tyubu akivuta kwa meno, ama akihesabu shilingi za Kenya na za Uganda kwenye mifuko miwili tofauti, hapo ndipo kuna picha ambayo hata watu wa Busia wenyewe wataitazama mara mbili.

Mwanga sasa. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua linachomoza kama saa 12:30 asubuhi na linapanda haraka, ule mwanga laini haukai. Ukifika sokoni saa 3 umeshachelewa, sura za watu ziko na vivuli vizito chini ya kofia na macho hayaonekani. Kuanzia hapo mpaka saa 10 jioni ingia kivulini, barazani kwa fundi cherehani, chini ya mwembe, ndani ya duka lenye mlango mmoja. Mwambie mtu wako asisogee, sogea wewe mpaka mlango uwe ubavuni mwake, mwanga utaingia upande mmoja wa uso na ule mwingine utabaki na giza kidogo, inapendeza sana hata kwenye karatasi ya gazeti ambayo inameza rangi. Jambo lingine ni kwamba kamera inadanganyika, ukimpiga mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe ama anga kamera inapunguza mwanga yenyewe na uso unakuwa mweusi tii, kwa hiyo pandisha mwanga kwa mkono hata stopu moja, yaani mwanga mara mbili, ukuta ukiungua ukawa mweupe mtupu acha uungue, uso ndio habari. Simu pia inaweza, gusa uso kwenye skrini alafu vuta juu.

Kungoja ndio kazi yenyewe na hapa nataka ukae na mimi kidogo. Ukimwambia fundi viatu "endelea tu na kazi yako mzee" ataendelea lakini atakuwa anaigiza, shingo imenyooka, sindano inaenda polepole. Usipige bado. Ama piga moja mbili aridhike, alafu teremsha kamera, muulize habari za ngozi, bei imepanda? Soli za tairi bado zinapatikana? Ongea mpaka mteja wa kweli aje na kiatu chake, wakianza kubishana bei wewe umeshasahaulika. Hapo ndipo fundi anainamisha kichwa, anabana kiatu katikati ya magoti, anavuta uzi mpaka mkono unafika juu ya bega, na mteja amesimama na mguu mmoja peku juu ya kiatu kilichobaki asikanyage vumbi. Ule mguu ndio picha. Huwezi kumwambia mtu afanye hivo, na ukimwambia arudie haitakuwa ile, kwa hiyo kamera ikae tayari, spidi ya shata 1/250 ya sekunde kwa mikono inayofanya kazi, 1/500 kama kuna boda inapita, usiwe unatafuta batani wakati mambo yanatendeka.

Mvua ikianza usikimbie nyumbani. Miezi ya Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba matone ya kwanza ni zawadi kwa mpiga picha: mama anafunika nyanya kwa kavera, ule mfuko wa plastiki, kabla hajajifunika mwenyewe, waendesha boda wote wanabanana chini ya mabati ya duka moja, mtoto wa shule amevua viatu ameviweka kifuani. Funga kamera kwenye kavera nawe, toboa tundu la lenzi, simama pale walipo wao.

Watu watauliza utanilipa? Jibu ukweli, gazeti halilipi mtu kupigwa picha, lakini nitakuletea nakala, na kweli ulete. Ukipeleka picha iliyochapishwa kwa mama wa matoke siku mbili tu baadaye steji nzima inajua wewe ni mtu wa neno lake. Akikataa, sema asante mama, ondoka. Watoto usipige bila mzazi ama mlezi kukubali, hata Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka hivo. Na hapa mpakani, askari, ofisi za forodha na vizuizi usivielekezee kamera bila ruhusa, nenda kwa afande ujitambulishe kwanza, kadi ya kazi mkononi. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, naye akujue, atakuokolea muda mwingi siku mtu akianza kupiga kelele.

Jina andika palepale. Mpe daftari aandike mwenyewe maanake Busia kuna Wandera na Ouma wengi mno na herufi moja ikikosewa ni mtu mwingine kabisa. Uliza anafanya nini, sehemu gani, ameanza lini kazi hio, na kitu kimoja anachokiwaza leo, kama bei ya uzi ama karo ya shule. Hio moja ndio inafanya maelezo ya chini ya picha yasomwe.

Ukituma kwa mhariri usitume picha ishirini ati achague, atachukua ile ya kwanza kuonekana. Tuma tatu: moja ya karibu, moja inayoonyesha mahali, na moja iliyosimama wima maanake mara nyingi nafasi iliyobaki ni safu moja nyembamba pembeni ya tangazo. Maelezo yaandike ndani ya ujumbe uleule na jina la faili lifanane, tuma kabla ya saa 9 mchana, alafu piga simu uulize kama zimefunguka.