Kutoka Makao ya Muda hadi Chumba cha Kupanga: Mwongozo kwa Familia za Malindi

Mjini Malindi kazi hufuata upepo. Wakati wa kaskazi watalii huja na hoteli huajiri. Kusi inapoingia mwezi wa Aprili pamoja na mvua za masika, baadhi ya hoteli hufunga, na mpangaji aliyekuwa akilipa kodi bila taabu huanza kudaiwa. Maelezo haya yanamhusu mzazi ambaye deni limemshinda na anatafuta pa kuwalaza watoto wake.

Kabla ya kufunga virago, hakikisha kwamba unalazimika kuondoka. Ikiwa kodi yako haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, nyumba hiyo inalindwa na sheria ya kudhibiti kodi, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kukutoa bila amri ya baraza linalohusika, hata akiweka kufuli lake mlangoni.

Ikibidi kuondoka, mwone mzee wa mtaa na baadaye chifu siku hiyohiyo, uombe barua inayoeleza hali yako, kwa kuwa barua hiyo ndiyo vituo vya hifadhi na ofisi za serikali huitazama kwanza. Penye watoto, fika pia kwa afisa wa watoto, au piga 116 bila malipo. Aliyekimbia kipigo nyumbani apige 1195. Wengi huona haya na kujibanza kwanza kwa jamaa, jambo ambalo si baya, ila mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, na ni afadhali kuomba msaada kabla undugu haujaingia doa.

Kabla ya kupokelewa kituoni, uliza mnaruhusiwa kukaa kwa muda gani na kama baba na vijana wakubwa wa kiume watakubaliwa, maana vituo vingine huchukua kina mama na watoto wadogo pekee. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki vibaki mikononi mwako, na kilichopotea kianze kutafutwa wiki ya kwanza. Watoto wasiachishwe shule, kwani Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kutoza karo ya masomo. Sare na madaftari ndivyo vya kuombea msaada.

Jambo linaloamua kama familia itarudi kwenye nyumba yake ni matumizi ya fedha ikiwa bado kituoni. Chakula na malazi vikiwa vimegharimiwa, kila kibarua, kiwe cha kufua nguo, kusuka makuti au kuuza viazi karai, kiache akiba. Mwenye nyumba kwa kawaida hudai kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja, kwa hiyo lenga kiasi hicho na kodi ya mwezi mmoja zaidi. Iweke akiba mahali usipoweza kuifikia kwa haraka, kwa mfano katika chama cha wanawake unaowafahamu, kwa sababu fedha iliyo kwenye simu huisha kwa mikopo ya marafiki.

Unapotafuta chumba, iwe Maweni, Kisumu Ndogo au Muyeye, pima kodi kwa kipato cha kusi, wala usiipime kwa kipato cha Desemba. Mtu anayepata kazi ya hoteli wakati wa kaskazi hujiona ameokoka na kuchukua vyumba viwili, kisha Mei humkuta palepale. Mimi ningechagua chumba kimoja karibu na shule na bomba la maji, hata kama ni finyu.

Makubaliano yaandikwe, yakitaja kodi, amana, muda wa notisi na nani atalipa maji na umeme, na kila malipo yatolewe risiti. Baki na nakala moja, nyingine mwachie afisa wa ustawi wa jamii wa kituo, ili mwenye nyumba akileta utata kuwe na mtu wa pili aliyeyaona maandishi hayo.