Namna ya Kuzitambua Kani Nne za Urukaji kwa Ndege ya Karatasi

Kunja ndege ya karatasi, kisha uirushe ndani ya chumba kisicho na upepo. Mkono wako ndio utoao msukumo, ambao hukoma mara tu unapoiachia, ilhali ndege halisi huendelea kuupata kutoka kwenye injini. Kuanzia hapo ukinzani wa hewa huupunguza mwendo wake, nao uzito huivuta chini. Kinachoichelewesha kuanguka ni kani ya kuinua: mabawa yaliyoinuka kidogo upande wa mbele huisukuma hewa chini, na hewa nayo huyasukuma juu, kama isemavyo sheria ya tatu ya Newton. Ndege ikiinamisha pua na kuanguka haraka, pinda kingo za nyuma za mabawa juu kidogo. Usizidishe, maana itapanda ghafla, ipoteze mwendo na kuporomoka.