Somo: GT 1030 na gemu za kubofya, inatosha au haitoshi?

Wadau, hizi gemu za mafumbo za kumwongoza mhusika kwa kipanya hazihitaji kadi kubwa ya grafiki. GT 1030 ya Nvidia inatosha, mradi usiwe umeuziwa ile nyingine.

Hatua ya 1: Ijue kadi yako. Jina ni moja, kadi ni mbili. Ya mwaka 2017 ina memori ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka ya DDR4, GB 16.8 tu. Hapa ndipo watu hulizwa. Fungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, soma aina ya memori.

Hatua ya 2: Angalia gemu imechorwaje. Kwenye 2D mandhari yameshachorwa, kadi inabandika tu. The Secret of Monkey Island ya 1990 ilitumia pikseli 320 kwa 200. Ukiiendesha kwa ScummVM, programu ya kuchezea gemu za zamani, kadi haishtuki. Hata ya DDR4 utacheza. Kazi iko kwenye 3D: vivuli na mwanga huhesabiwa upya kila fremu (kila picha moja inayochorwa kwenye skrini), hata mhusika akiwa amesimama tuli.

Hatua ya 3: Wekea fremu kikomo. Wengi hawafanyi hili. Gemu nyepesi ikiachwa huru huchora mamia ya fremu kwa sekunde kwenye menyu tupu, feni inavuma bure. Weka 60. Hata 30 inachezeka, maana hakuna anayekukimbiza, ila angalia mshale. Kwa 30, kila fremu huchukua milisekunde 33 hivi, na kama gemu inachora mshale yenyewe badala ya kuiachia Windows, utauona unaburuzika nyuma ya mkono wako. Mimi hilo linanikera kuliko kukosa vivuli.

Hatua ya 4: 3D ikilemea, shusha vivuli kwanza, kisha ulainishaji wa kingo (anti-aliasing). Rezolusheni iguse mwisho kabisa. Ukiishusha, kale kafunguo kaliko pembeni mwa meza hukaoni tena, na ndiko unakotafuta.

MASWALI

Swali: Mkuu, pawasaplai yangu ni ya wati 250. Itabeba?
Jibu: Kama ni nzima, itabeba. Ya GDDR5 inakula wati 30 hivi, zote kutoka kwenye sloti. Hakuna waya wa ziada.

Swali: Nikiingia chumba kipya inaganda kidogo, kisha inatulia. Ni kadi?
Jibu: Mara nyingi ni diski, picha ndiyo zinasomwa. Hamishia gemu kwenye SSD kabla hujailaumu kadi.

Swali: Nataka kurekodi nikicheza.
Jibu: GT 1030 haina NVENC, ile sehemu ya kadi za Nvidia inayobana video wakati wa kurekodi, kwa hiyo mzigo wa kurekodi utaangukia prosesa. Kwa 2D huwa ina nafasi. Kwa 3D jaribu dakika tano kwanza, usije ukarekodi saa nzima ya video inayokatakata.

Swali: Prosesa yangu ina grafiki ya ndani. Ninunue kadi?
Jibu: Cheza nayo kwanza, mkuu. Kwa 2D huenda hata usiikumbuke hiyo kadi.