Mtoto anayeelewa kwa kuona: namna ya kumsaidia, hatua kwa hatua

Kuna watoto unawaeleza kitu kwa mdomo wee, wanakuangalia tu, ila ukichora mistari miwili wanaitikia "aaah". Nafundisha masomo ya ziada na hao ndo nakaa nao sana, kwa hiyo naandika ninavyofanya. Unahitaji karatasi, penseli na rangi mbili tatu.

Hatua ya 1: masikio na macho kwanza. Anayekukodolea macho mdomoni ukiongea na kuuliza "eeh?" kila saa huenda hasikii vizuri, ndo maana anategemea macho. Na anayekunja uso akiangalia ubao, mchoro hautamsaidia kama anachohitaji ni miwani. Akapimwe.

Hatua ya 2: achore yeye mwenyewe. Hapa ndo penye kazi. Wazazi wengi wananunua chati na kujaza ukuta, mtoto anazizoea, haziangalii tena, au ndo zinamvuta akili kabisa (mwaka 2014 watafiti Marekani waliona watoto wa chekechea kwenye darasa lililojaa mapambo wanatoka nje ya somo zaidi na wanajifunza kidogo kuliko kwenye kuta tupu).

Tuchukue mzunguko wa maji. Msomee aya moja, muulize maji yanaanzia wapi yanaenda wapi, alafu mpe karatasi: jua, bahari, mshale unapanda, wingu, mvua, mto unarudi baharini. Neno "mvukizo" aliandike palepale kwenye mshale, sio pembeni kwenye orodha ya namba, maana macho yakishinda yanarukaruka kati ya picha na orodha anachoka bure. Uzuri wa mchoro achana nao, mtu wa vijiti anatosha. Ukiona mshale umeelekea kusiko, hapo hapo umejua asichoelewa, na ungemuuliza kwa mdomo angekujibu tu "nimeelewa".

Hatua ya 3: hesabu zianze na vitu, ziende kwenye picha, namba zije mwisho. Mpangilio huu ulitokana na mawazo ya Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1960 na bado unafanya kazi. Mfano: dada ana shanga 12, kaka ana pungufu ya hizo kwa 5, jumla wana ngapi? Wengi wanaona 12 na 5 wanajumlisha, 17, wamemaliza. Sasa mwambie achore kipande kirefu cha dada, chini yake kifupi cha kaka, pengo lililobaki aandike 5. Anaona mwenyewe kaka ana 7, jumla 19.

Hatua ya 4: funga daftari, achore tena bila kuchungulia. Alafu afungue alinganishe, alichosahau akijaze kwa rangi nyekundu. Hiyo nyekundu ndo ya kurudia kesho, na tena wiki ijayo. Hii hatua watu wanairuka sana, na ndo inayoonyesha kama kimeingia kichwani au amezoea tu kuiona picha.

Hatua ya 5: nyumbani. Ukimpa maagizo manne kwa mkupuo atafanya la kwanza, mengine yamepotea. Achore kadi za asubuhi, kuoga, sare, chai, begi, azibandike mlangoni na kugeuza kila akimaliza moja. Kelele zinapungua.

Hatua ya 6: mwalimu wake muombe mambo mawili tu, akae anapoona ubao vizuri, na maagizo ya kazi yaandikwe, yasiishie kusemwa.

Ila usimbandike jina la "huyu ni wa picha tu". Mapitio makubwa ya tafiti ya mwaka 2008 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa mtindo wake mmoja kunamuinua. Picha na maneno viende pamoja, kwa hiyo akichora aeleze kwa sauti anachochora. Na kwenye silabi au matamshi ya lugha ngeni, penseli kando kwanza, msome wote kwa sauti.